Ukurasa wa kwanza unafunguka, wa mwisho unagoma: nilipie seva kubwa?

"Shikamoo kaka. Nimetengeneza mfumo wa kuweka stakabadhi za mizani kwa ghala moja la mahindi na alizeti huku Kibaigwa, natumia Laravel na MySQL. Mwanzoni ulikuwa chap sana, ila saivi tebo ya stakabadhi imefika mistari kama 640,000 na mambo yamebadilika. Ukurasa wa kwanza unachelewa kidogo, ukienda wa mia unachelewa zaidi, ukibonyeza wa mwisho unazunguka mpaka unakata. Makarani wanatumia simu zao na bando zao, wananilalamikia kila siku. Alafu kuna kingine sikielewi, karani anasema stakabadhi aliyoiona ukurasa wa kwanza anaikuta tena wa pili, na kuna nyingine haioni kabisa mpaka aitafute kwa namba. Bosi yuko tayari kulipia seva kubwa. Nimwambie alipie, au nihamie databesi nyingine?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera, maana mfumo uliofikisha stakabadhi laki sita na elfu arobaini ni mfumo unaotumika kweli, sio wa kuonyesha tu. Mwambie bosi asilipie kwanza. Na MySQL, hiyo databesi yako, usihame, mistari laki sita kwake ni kidogo sana ukiiuliza vizuri. Shida yako iko kwenye namna unavyoiuliza, na ukiniazima subira nikueleze kinachoendelea ndani utaona mwenyewe kwa nini pesa ya seva haitakuokoa.

Kwa maelezo yako una mambo matatu yamechanganyika na kila mtu anayaita "mfumo uko slo": kuna kuruka mistari, kuna kuhesabu mistari, na kuna mpangilio usioeleweka. La tatu ndo linalowafanya makarani waone stakabadhi mara mbili, na kwangu mimi hilo ni zito kuliko uslo, kwa sababu kwenye ghala stakabadhi isiyoonekana ni pesa ya mkulima.

Tuanze na kuruka. Wengi wanaamini ukishaandika LIMIT 25 basi databesi inasoma mistari 25 na kazi imeisha. Kwa ukurasa wa kwanza, kama indeksi ipo (ile orodha ya pembeni iliyopangwa, inayoonyesha kila mstari ulipo), ni kweli. Sasa karani akibonyeza ukurasa wa 12,000, Laravel, hicho kiunzi cha PHP ulichojengea mfumo, inaandika kitu kama hiki nyuma ya pazia:

SELECT * FROM stakabadhi ORDER BY tarehe DESC LIMIT 25 OFFSET 299975;

Hiyo OFFSET haina maana ya "nenda moja kwa moja nafasi ya 299,975". Maana yake ni soma mistari 300,000 kwa mpangilio, tupa 299,975 ya mwanzo, nipe 25 iliyobaki. Ni sawa na kumtuma kijana ghalani ukamwambia ruka magunia laki tatu niletee 25 yanayofuata, hana namna zaidi ya kupita moja moja akihesabu kutoka mlangoni, na ukimtuma tena baada ya dakika mbili anaanza mlangoni upya. Databesi nayo haikumbuki kwamba sekunde chache zilizopita ilikuwa ukurasa wa 11,999.

Utauliza, si kuna indeksi, kwa nini isiruke? Indeksi imepangwa kwa thamani, haijapangwa kwa nafasi. Ukiiuliza "zilipo stakabadhi za tarehe 12 Julai" inashuka matawi machache na kufika hapohapo, iwe una mistari elfu moja au milioni kumi tofauti ni ndogo mno. Ukiiuliza "ipo wapi ya laki tatu kutoka juu" haijui, kwa sababu haitunzi hesabu ya mistari iliyo chini ya kila tawi. Itabidi ihesabu. Na kwa vile umeomba SELECT *, kila mstari inaoupita kwenye indeksi ya tarehe italazimika kwenda kuuchukua mzima kwenye tebo yenyewe, safari laki tatu za kwenda na kurudi, mpaka MySQL inaona heri iachane na indeksi, isome tebo yote na kuipanga upya, na mpangilio huo ukizidi nafasi ya kwenye RAM unamwagwa diski. Hapo ndo karani wako anaona kitu kinazunguka mpaka kinakata.

Ndo maana seva kubwa sio dawa. Itapunguza muda kiasi, utafurahi msimu mmoja, alafu msimu ujao magunia yanaingia tena na uko palepale na bili imepanda. Kuhama databesi nako vilevile. Mtu akikwambia hamia MongoDB, databesi ya aina nyingine, ile skip yake, yaani amri yake ya kuruka, nayo inapita mstari kwa mstari hivohivo. PostgreSQL ni databesi nzuri sana na naipenda, lakini OFFSET yake inafanya kazi ileile ya kusoma na kutupa.

La pili ni kuhesabu, na hili limejificha kwa sababu hukuliandika wewe. Ukiita paginate() kwenye Laravel inapiga kweri mbili (kweri ni swali unaloiuliza databesi), moja ya kuleta mistari 25 na nyingine ya COUNT(*) ili ijue kuna kurasa ngapi za kuchora chini. InnoDB, ambayo ndo injini ya kawaida ya MySQL, haina idadi iliyoandikwa mahali ikusomee, inabidi ipite indeksi nzima kuhesabu mistari inayoonekana kwa muamala wako (kundi la amri zinazokamilika zote au zisifanyike kabisa) wakati huo. Zamani injini nyingine, MyISAM, ilikuwa inatunza idadi kamili ndo maana wazee wa kazi wanakumbuka COUNT ikiwa rahisi, ila MyISAM haina miamala na kwenye stakabadhi za pesa usiirudie kabisa. Kwa hiyo hata anayefungua ukurasa wa kwanza tu, asiyetaka kujua jumla, anasubiri databesi ihesabu laki sita. Huo ndo uchelewaji "kidogo" ulioniambia. Na kama umesoma mahali utumie SQL_CALC_FOUND_ROWS, achana nayo, imewekwa kwenye orodha ya vitu vya kuachwa tangu MySQL 8.0.17.

Sasa stakabadhi za kujirudia. Nina swali ambalo naamini najua jibu lake: kolamu yako ya tarehe ni tarehe tupu bila saa, si ndio? Siku ya soko ikichangamka stakabadhi mia kadhaa zina tarehe moja. Umeiambia MySQL ipange kwa tarehe, imepanga, lakini ndani ya siku hiyohiyo moja hukuipa amri, kwa hiyo iko huru kuzileta kwa utaratibu wowote na utaratibu huo unaweza kubadilika kati ya kweri ya ukurasa wa kwanza na ya ukurasa wa pili. Stakabadhi iliyokuwa ya 20 inakuwa ya 31, ya 31 inapanda kuwa ya 20, karani ameona moja mara mbili na nyingine hajaiona. Databesi haijakosea. Ongeza kitu kisichofanana kamwe mwisho wa mpangilio, yaani id, ile namba ya pekee ya kila mstari:

ORDER BY tarehe DESC, id DESC

Hili lifanye leo hata kabla ya mengine yote. Ila lina sehemu ya pili ambayo id peke yake haiponyi: wakati karani anasoma ukurasa wa kwanza, mwenzake kwenye mizani ameingiza stakabadhi tatu mpya. Zimekaa juu, zote zimesukumwa chini nafasi tatu, kwa hiyo akienda ukurasa wa pili anakutana tena na tatu za mwisho alizoziona. Zikifutwa inakuwa kinyume, zinarukwa bila yeye kujua. Ukipanga kurasa kwa nafasi hili litakuwepo tu.

Dawa inayoponya yote kwa pamoja ni kuacha kuiambia databesi "ruka kadhaa" na kuanza kuiambia "endelea kuanzia pale nilipoishia". Ukurasa wa kwanza unaleta 25. Unakumbuka tarehe na id ya mstari wa mwisho, unaviweka kwenye linki ya kitufe cha "Zinazofuata". Tuseme wa mwisho ni wa tarehe 12 Julai 2025 na id 598214, kweri inayofuata inakuwa hivi:

SELECT id, tarehe, mkulima, zao, kilo
FROM stakabadhi
WHERE tarehe <= '2025-07-12'
AND (tarehe < '2025-07-12' OR id < 598214)
ORDER BY tarehe DESC, id DESC
LIMIT 26;

Isome taratibu. Inasema nipe za siku hiyo zenye id ndogo kuliko niliyoishia, au za siku za nyuma yake. Sasa databesi ina thamani ya kushika, inashuka kwenye indeksi mpaka tarehe 12 Julai, inasogea kidogo mpaka kwenye id, inasoma mistari 26, inaacha. Ukurasa wa elfu kumi unakuwa na kasi ileile ya ukurasa wa pili. Na mwenzake akiingiza stakabadhi mpya juu hakuna kinachosukumwa, kwa sababu huhesabu tena kutoka juu.

Mbona 26 wakati unaonyesha 25? Wa 26 humwonyeshi mtu, ni wa kujua kama kuna ukurasa mwingine mbele. Ukimpata weka kitufe, ukimkosa kiondoe, COUNT huihitaji tena.

Indeksi yake ni hii:

CREATE INDEX ix_tarehe_id ON stakabadhi (tarehe, id);

Utaona watu wanaandika WHERE (tarehe, id) < ('2025-07-12', 598214). Ni fupi na PostgreSQL inaielewa vizuri na inatumia indeksi sawasawa, lakini kwenye MySQL jibu litakuwa sahihi ila mara nyingi inashindwa kuitumia indeksi kwa mtindo huo, kwa hiyo wewe baki na ule mrefu niliokuandikia. Na hakikisha kolamu unayopangia haina NULL, yaani nafasi isiyojazwa, maana NULL hailinganishwi na kitu na mistari hiyo itapotea kimya kimya.

Kwa vile uko Laravel huna haja ya kuandika yote hayo kwa mkono. Tangu toleo la 8 kuna cursorPaginate inayofanya hivi:

Stakabadhi::select('id','tarehe','mkulima','zao','kilo')->orderByDesc('tarehe')->orderByDesc('id')->cursorPaginate(25);

Alama ya ulipoishia inaiweka yenyewe kwenye linki, na kitufe cha kurudi nyuma inakutengenezea. Ukitaka kurudi nyuma kwa mkono unageuza alama za kulinganisha na mpangilio, unachukua 25, alafu unazipindua kwenye programu kabla ya kuonyesha.

Unachokosa nacho nikwambie wazi usije ukanilaumu. Huwezi tena kuruka moja kwa moja ukurasa wa 12,000, na ile safu ya namba 1 2 3 mpaka 25,600 chini inaondoka, unabaki na "Zilizotangulia" na "Zinazofuata". Pia karani akisahihisha tarehe ya stakabadhi wakati mwenzake anazipitia, stakabadhi hiyo itahama mahali na yule mwenzake anaweza kuikosa au kuikuta tena, hilo hakuna kurasa za aina yoyote zinazolizuia.

Lakini kaa na makarani wako uwaulize, ni nani aliyewahi kuhitaji ukurasa wa 12,000? Mtu anayebonyeza kurasa za katikati anatafuta kitu na mfumo haujampa njia ya kukitafuta. Anataka stakabadhi za mkulima fulani, au alizeti ya wiki ya pili ya Julai, au namba ya gari lililoondoka jana. Mpe kisanduku cha tarehe, cha zao, cha jina la mkulima, na atasahau kabisa kwamba kulikuwa na namba za kurasa. Anayebonyeza ukurasa wa mwisho anataka za zamani kabisa, mpe kitufe cha "Anza na za zamani" ambacho kinageuza mpangilio tu, na za mwisho zinakuwa za kwanza bila databesi kutoka jasho. Hapa ndo ningeweka nguvu zangu kuliko mahali pengine popote.

Ukiweka vichujio kumbuka indeksi ifuate kichujio. Akichuja kwa zao, indeksi ya (tarehe, id) peke yake inaweza kumlazimu apite mahindi elfu nyingi kutafuta alizeti 25. Unahitaji (zao, tarehe, id), yaani unachochuja kwa usawa kinatangulia, unachopangia kinafuata. Usiweke indeksi kwa kila kitu lakini, kila indeksi inaongeza kazi wakati wa kuingiza stakabadhi mpya, na foleni ya mizani msimu wa mavuno haisubiri. Angalia vichujio viwili vitatu vinavyotumika kweli, hivyo vinatosha.

Bosi aking'ang'ania namba za kurasa, na wapo mabosi hivo, kuna njia ya kati. Mwachie namba lakini zisizidi mia kwa mfano, zaidi ya hapo mfumo umwambie achuje kwa tarehe. Na kweri yenyewe igawe, kwanza itafute id 25 tupu kwenye indeksi, alafu ndo ikachukue mistari kamili ya hizo 25:

SELECT s.* FROM stakabadhi s
JOIN (SELECT id FROM stakabadhi ORDER BY tarehe DESC, id DESC LIMIT 25 OFFSET 2000) t ON t.id = s.id
ORDER BY s.tarehe DESC, s.id DESC;

Bado inaruka na kutupa, ila inatupa vipande vidogo vya indeksi badala ya mistari mizima, na nafuu yake inaonekana kabisa. Jumla ya stakabadhi kama lazima ionekane, hesabu mara moja kila dakika kumi uiweke kwenye kache (hifadhi ya muda), andika "karibu 640,000". Hakuna mkulima atakayedhulumiwa kwa jumla iliyochelewa dakika kumi. Kama hutaki jumla kabisa, simplePaginate ya Laravel haihesabu. Njia moja usiijaribu: kupiga hesabu ya id, eti ukurasa wa 3 ni id 51 mpaka 75. Stakabadhi zikifutwa kunabaki mapengo, ukiweka kichujio kurasa zinatoka na mistari miwili au mitupu.

Kuhusu bando za makarani, usilete tebo nzima kwenye simu ukaiachia JavaScript igawe kurasa. Inaonekana tamu ukijaribu na mistari mia ofisini, ila kwa laki sita simu inakufa na bando linaisha kabla ya saa nne asubuhi. Na usivute zote kwenye PHP ukakata kipande huko, kikomo cha kawaida cha PHP ni MB 128 za RAM na utakigonga mapema. Leta mistari 25 na kolamu zinazoonekana tu, picha ya stakabadhi na maelezo marefu vije mtu akifungua stakabadhi yenyewe. Mhasibu akitaka zote kwenye Excel hiyo ni kazi nyingine, ifanye kwa mafungu na chunkById ya Laravel, sio chunk ya kawaida, maana ile ya kawaida ndani yake inatumia OFFSET ileile tunayoikimbia.

Usalama kidogo tu: chochote kinachotoka kwenye linki usikiunganishe kwenye kweri kwa kukibandika, weka alama ya kuuliza (?) mahali pa thamani na uitume thamani kando, au acha Laravel ifanye. Jina la kolamu ya kupangia haliwezi kupitia alama ya kuuliza, kwa hiyo weka orodha yako ya majina yanayoruhusiwa na ulinganishe. Na idadi ya mistari kwa ukurasa iwekee kikomo, mtu asije akaandika 1000000 kwenye linki akaiangusha seva mchana kweupe.

Kabla ya kugusa chochote pima. Chukua kweri ya ukurasa wa mbali, weka EXPLAIN mbele yake, MySQL itakuonyesha inavyopanga kuitekeleza. Ukiona type ni ALL na pembeni pameandikwa Using filesort, hapo inasoma tebo yote na kuipanga kwa mkono. Baada ya indeksi na mtindo mpya unatakiwa uone range, jina la indeksi yako, na filesort imeondoka. Kama una 8.0.18 kwenda juu tumia EXPLAIN ANALYZE, hiyo inaiendesha kweri kweli na kukuonyesha muda na mistari iliyosomwa. Jaribu kwenye nakala, na nakala iwe na mistari mingi kama ya ghalani, kwa sababu ukijaribu na mia tano kila kitu kinaonekana kizuri. Indeksi kwenye seva ya kazi iweke usiku mizani imefungwa, bakapu ikiwa imechukuliwa na umeijaribu kuirudisha.

Ukishafanya hayo na bado ukurasa wa kwanza unachelewa, au EXPLAIN inaonyesha indeksi inatumika lakini muda haushuki, au stakabadhi zinapotea hata ukipanga kwa tarehe na id, usiendelee kubahatisha peke yako kwenye data ya pesa za watu. Tafuta mtu akae na wewe kwenye mashine. Kutoka Kibaigwa mpaka Dodoma mjini sio mbali, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wana ndaki nzima ya mambo ya kompyuta na ukiuliza vizuri hukosi mwalimu au mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayeijua MySQL. Kama uko kwenye hosti ya kushea, yaani seva moja mnayogawana na wateja wengine, waulize pia watoa huduma wako kikomo cha muda wa kweri na cha RAM ni kipi, kuna wakati hosti yenyewe ndo inakata, na hapo kweli ndo pesa ya bosi ya seva ingekuwa na kazi. Nenda na kweri yenyewe, matokeo ya EXPLAIN, SHOW CREATE TABLE ya tebo (inaonyesha kolamu na indeksi zake), na toleo la MySQL. Databesi yenyewe usimtumie mtu WhatsApp. Mle ndani kuna majina na namba za simu za wakulima na kiasi walichouza, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu wewe na bosi wako, kwa hiyo kama lazima apewe nakala, badilisha majina na namba kwanza.